Tulichojifunza kwa Gari Letu la Kwanza
Hotuba ya Kamati ya Mikopo, iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Kwakoa

Miaka kumi si haba. Tulianza chini ya mti, kila mmoja na kigoda chake, na daftari moja lililokuwa linatunzwa ndani ya ndoo ya unga ili panya wasilifikie. Leo tuna sanduku lenye kufuli tatu, kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa, na mkopo unatolewa mbele ya macho ya wote. Kwa hayo tunastahili vigelegele.

Kamati ya sherehe ilitupangia tuzungumze juu ya mafanikio ya mikopo. Tukakaa, tukajadiliana, tukaona kwamba mafanikio yamesemwa tangu asubuhi, na yaliyobaki mtayala kwenye sahani makande yakishaiva. Sisi tukaomba kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa minong'ono tu, wala kamati haijawahi kulisema hadharani. Ni habari ya gari.

Ndiyo, lile gari.

Tunalisema leo kwa sababu mbili. Kwanza, wanachama wana haki ya kujua kilichotokea kwa fedha zao. Pili, kuna pendekezo mezani la kununua gari la pili, na tukinunua kama tulivyonunua lile la kwanza, basi miaka kumi hii haijatufundisha kitu.

TULIVYONUNUA

Ilikuwa mwaka wa sita wa kikundi. Mnakumbuka shida yetu ilikuwa nini. Mahindi na maharage tunayo, mbuzi na kuku tunao, lakini kutoka huku tambarare kuyafikisha masokoni Mwanga au Same ni lazima ukodi gari la mtu. Mwenye gari anapanga bei anavyotaka, na siku ya mvua hafiki kabisa. Tukapiga hesabu, tukaona nauli inakula faida kuliko hata riba ya mkopo. Wanachama wote wakakubali: faida ya mwaka ule isigawanywe, inunuliwe pikapu ya kikundi.

Tulichaguliwa akina mama watatu kwenda kununua, na kijana mmoja fundi. Tulikwenda mji ambao hatutautaja, kwenye yadi ya mtu ambaye pia hatutamtaja, maana hatukuja hapa kumchafua mtu. Tulikuta pikapu nyeupe imeoshwa inang'aa. Muuzaji akatuita mama zake. Akatuletea viti na soda. Akatuambia, "Mama, gari hii ilikuwa ya daktari, haijawahi kubeba mzigo. Injini safi, haijafunguliwa." Tukatazama saa ya kilomita, tukaona kilomita chache. Kijana wetu akafungua boneti, injini ilikuwa ya moto tayari. Akaizunguka, akapiga teke tairi moja. Tukaliendesha kidogo kwenye lami, pale pale mjini, tambarare. Likateleza kama siagi.

Tukahesabu Sh. 9,500,000 taslimu juu ya meza. Tukapewa risiti ya mkono yenye mistari miwili: "Nimepokea Sh. 9,500,000 za gari. Mali ikishauzwa hairudishwi." Haikuwa na namba ya usajili wala namba ya chasisi, na jina la mwenye gari halikuandikwa. Tukapewa nakala ya kadi, tukaambiwa kadi yenyewe inafuata. Tukarudi nyumbani tunaimba.

Wiki ya tatu, tukiwa tumepakia mahindi, gari likachemsha. Tukaweka maji, likaenda kidogo, likachemsha tena. Fundi wa Mwanga alipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Alipofungua akatuonyesha: hedi ilikuwa na ufa uliozibwa, na chini ya gari, chasisi ilikuwa imechomelewa mahali pawili na kupakwa rangi nyeusi juu. Akatuambia maneno ambayo hatutayasahau: "Mama zangu, hii gari imebeba mzigo maisha yake yote."

Tukarudi kwa muuzaji. Safari hii hapakuwa na soda. Alisema, "Mlikuja na fundi wenu, mkakagua wenyewe, mkaridhika. Soma risiti." Tukamwuliza kadi. Akasema yeye si mwenye gari, yeye ni dalali tu. Mwenye gari alikuwa mtu mwingine, na kadi halisi ilikuwa imeshikwa kwa mkopo wake.

Ndugu zangu, sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tunapenda kesi. Wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunaona Mgeni Rasmi anacheka, naye anaijua. Lakini siku tuliyopata kesi ya kweli, ya jasho la akina mama wengi, tulijikuta hatuna karatasi ya kuipeleka popote.

Mwaka ule hapakuwa na mgao. Mama mmoja alikuwa ameutegemea mgao wake kwa ada ya binti yake, na binti akachelewa muhula mzima kurudi shule. Wanachama wawili walijitoa, na hatuwalaumu. Wengine walibaki lakini walikuwa wakituangalia kwa jicho la pembeni kisimani. Na sisi watatu tulijua kwamba wana haki.

SHERIA INASEMAJE

Aliyetutoa gizani ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alikaa nasi siku nzima bila kudai senti. Tuliyojifunza kwake, na tuliyoyafuatilia baadaye wenyewe, ndiyo tunayoyaleta kwenu. Sisi si wanasheria. Tutayasema kwa lugha ya kisimani.

Watu wengi hudhani kwamba gari lililotumika halina sheria, kwamba ukinunua umenunua. Si kweli. Tanzania ina sheria zaidi ya moja zinazomtazama mnunuzi.

Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Hii ni ya tangu enzi za Mwingereza, nayo ilifuata sheria ya kwao ya mwaka 1893. Inasema mambo manne makubwa kwetu. Moja, anayeuza ni lazima awe na haki ya kuuza. Hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Ukiuziwa gari la wizi, mwenyewe akija analichukua, na wewe unabaki kumtafuta aliyekuuzia. Mbili, kitu kilichouzwa kwa maelezo ni lazima kilingane na maelezo hayo. Tatu, kama mwuzaji ndiyo kazi yake kuuza vitu hivyo, na wewe ukamweleza unachotaka kukifanyia ukategemea ujuzi wake, kitu hicho ni lazima kifae kwa kazi hiyo. Nne, ukinunua kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, bidhaa ni lazima iwe na ubora wa kuuzika.

Lakini hapo hapo pana mtego. Sheria hiyo inasema kwamba kama mnunuzi amekikagua kitu, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Mnaona tulivyojifunga wenyewe? Tulikwenda na fundi akapiga teke tairi, na teke lile likawa ushahidi wa muuzaji. Ukaguzi nusu ni hatari, maana unakupotezea haki na ubovu haukuonyeshi. Ukikagua, kagua hasa.

Mtego mwingine ni wa muda. Ukikaa na kitu ukakitumia bila kusema neno mpaka muda wa kutosha ukapita, unahesabiwa kuwa umekikubali. Hapo kukirudisha kunakuwa kugumu, unabaki kudai fidia. Kwa hiyo siku ile ile unayoona kasoro, lisimamishe gari, andika barua, peleka, weka nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa.

Na jambo moja la kuchekesha lakini ni la maana. Sheria hiyo ya zamani inasema mauzo ya kuanzia shilingi mia mbili yanahitaji maandishi ili yaweze kudaiwa mahakamani, isipokuwa kama umeshapokea mali au umeshalipa sehemu ya bei. Shilingi mia mbili wakati ule ilikuwa fedha. Leo mtu anatoa milioni tisa kwa neno la mdomo.

Sheria ya pili ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hii inasema ukikubali mkataba kwa sababu ulidanganywa, mkataba huo unaweza kuubatilisha. Maana yake ni kwamba yale maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" si kufuli isiyofunguka. Hayamsafishi mtu aliyekudanganya. Tatizo ni kuthibitisha kwamba alidanganya. Alisema nini? Nani alisikia? Kimeandikwa wapi?

Sheria ya tatu ni Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1994 ya biashara ya haki. Ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaijua kwa jina la FCC. Sheria hii inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji: kusema kitu ni kipya kumbe si kipya, kusema kina ubora ambao hakina, au kudanganya juu ya historia yake. Mtu anayerudisha nyuma saa ya kilomita ili gari lionekane changa amegusa hapo hapo. Mlaji anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume. Lakini shikeni hili: sheria hii inamshika anayefanya biashara. Jirani yako anayeuza gari lake moja la nyumbani ni habari nyingine. Kwake unabaki na mkataba wako na sheria zile mbili za kwanza. Ndiyo maana swali "wewe ni nani katika gari hili?" ni swali la kwanza kabisa. Mwenye mali, mwenye yadi na dalali ni watu watatu tofauti, na kila mmoja anabanwa kwa namna yake.

WENZETU WANAFANYAJE

Tulijiuliza, je, duniani wenzetu wanalindwaje? Tukakuta kwamba hata nchi tajiri ziliumwa kwanza ndipo zikatunga sheria. Wamarekani gari bovu lenye sura nzuri huliita "limau". Mwaka 1970 mtaalamu wao wa uchumi, George Akerlof, aliandika juu ya soko la malimau. Alieleza kwamba anayeuza anaujua ubovu na anayenunua haujui, basi mnunuzi anaogopa, anatoa bei ndogo, na mwenye gari zuri anaona hasara anaondoka sokoni. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Sisi tulilijua somo hilo kwa milioni tisa na nusu.

Jimbo la New York lilitunga sheria ya malimau ya magari yaliyotumika mwaka 1984. Mwuzaji wa biashara ni lazima atoe dhamana ya siku fulani kulingana na kilomita za gari. Mwaka uliofuata serikali ya nchi nzima ikaagiza kila gari lililotumika kwenye yadi libandikwe karatasi dirishani, inayosema kama lina dhamana au linauzwa kama lilivyo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, anayenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kupewa fedha zake. Na hapa hapa Afrika, Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kazi mwaka 2011, inayompa mlaji miezi sita ya kudai bidhaa mbovu itengenezwe, ibadilishwe au fedha zirudishwe.

Jirani zetu wa Kenya, ambao kutoka hapa ni ng'ambo tu ya Ziwa Jipe, wanakataa kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane. Kwetu hakuna katazo la umri namna hiyo; gari kuukuu hutozwa kodi ya ziada, lakini linaingia. Kwa hiyo kazi ya kulijua gari inabaki kwa mnunuzi.

Kwetu sheria za mauzo hazikutaja siku 30 wala miezi sita kwa gari lililotumika. Dhamana, au kama vijana wanavyosema, waranti, haiji yenyewe kama mvua. Unaiomba, inaandikwa, inasainiwa. Hilo ndilo neno letu kubwa leo: sheria ipo, lakini inasimama juu ya karatasi, na karatasi hiyo inaandikwa kabla fedha haijatoka mkononi. Baada ya hapo ni kubembelezana.

KILICHOTUOKOA

Mtauliza, basi mlipata nini? Tulipata kidogo, na tuwaambie tulivyokipata.

Katibu wetu, kabla ya kwenda kununua, alikuwa amemwandikia muuzaji ujumbe wa simu. Alimwuliza, "Tunataka gari la kubebea mahindi ya kikundi, je hili litafaa?" Naye akajibu kwa ujumbe, "Litafaa sana injini haijafunguliwa." Ujumbe ule haukufutwa. Msaidizi wa kisheria alipousoma alisimama. Alituambia kwamba kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi. Na ujumbe ule ulibeba kila tulichokihitaji: tulieleza kazi, tukategemea ujuzi wake, naye akatoa maelezo ya uongo.

Tukaandika barua, tukaambatanisha maelezo ya fundi na picha za chasisi. Tukasema tukishindwa kuelewana tunakwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 inaweza kusikiliza madai ya namna hiyo yasiyozidi Sh. milioni 30, nayo inaendeshwa kwa Kiswahili tunachokielewa. Tukasema pia tutapeleka malalamiko kwenye Tume. Muuzaji akakubali kukaa mezani. Alilipa nusu ya gharama ya injini nyingine, na akamleta mwenye gari, mkopo wake ukamalizwa, kadi ikahamishwa. Chasisi tulichomelea upya kwa fedha zetu. Gari lile linatembea mpaka leo, mmeliona pale nje limepambwa maua, lakini halibebi nusu ya mzigo tulioutarajia.

Ujumbe mmoja wa simu ulituokolea nusu ya injini. Fikirieni ukurasa mmoja wa mkataba ungetuokolea nini.

JINA LA NANI KWENYE KADI

Kabla hatujafika kwenye maazimio, tuseme neno juu ya kadi. Kadi ilipohamishwa iliandikwa jina la mwenyekiti wetu wa wakati ule, kwa kuwa kikundi hakikuwa na usajili. Mama yule ni mwaminifu, wote mnamjua. Lakini uaminifu hauandikwi kwenye kadi. Angefariki, gari lingehesabiwa ni mali ya mirathi yake, na sisi tungekuwa tunagombana na watoto wake msibani. Angekuwa na deni, mdai wake angeweza kulikodolea macho.

Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa. Wengi tuliona ni usumbufu. Leo tunaona faida yake: kikundi kilichosajiliwa kinakuwa na jina lake, na jina hilo likipata namba ya mlipakodi, ndilo linaloandikwa kwenye kadi.

MAMBO YA KUSHIKA

Kamati inapendekeza yafuatayo yaingizwe kwenye kanuni zetu, na mwanachama yeyote anayemnunulia mwanawe pikipiki au gari ayatumie pia.

1. Jua unanunua kwa nani. Jina kwenye kadi, jina kwenye kitambulisho na mtu anayepokea fedha viwe kitu kimoja. Kama ni dalali, alete mwenye mali, au hati ya kumruhusu kuuza.

2. Nakala ya kadi si kadi. Omba kadi halisi, ipelekwe ofisi ya TRA ihakikiwe. Kama kadi imeshikwa kwa mkopo, mkopo umalizwe kwanza.

3. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, kwa macho yako. Namba iliyochongwa upya ni sababu ya kuondoka. Waulize polisi wa usalama barabarani kama gari halina faini zinazodaiwa wala taarifa ya wizi.

4. Likute gari limepoa. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Injini ikiwa imepoa, fungua rejeta na tazama oili. Gari likiwa limewashwa kabla hujafika, rudi kesho.

5. Lipeleke kwa fundi wako, karakana yako, liinuliwe juu. Lijaribiwe kwenye mlima na mzigo. Sisi tuna mlima wa kwenda Usangi, hatuna kisingizio. Fundi aandike alichokiona na kusaini.

6. Kama limetoka Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishwa. Mara nyingi humo kilomita zimeandikwa, linganisha na saa.

7. Mkataba uandikwe na kushuhudiwa. Uwe na majina, namba za gari, bei, kazi unayolinunulia, na yale yote muuzaji aliyoyasema kwa mdomo: "halijagongwa", "injini haijafunguliwa", "halina deni". Mwambie, "Kaka, hayo maneno mazuri tuyaandike." Akikataa kuyaandika, ameshakujibu.

8. Omba dhamana ya siku hata thelathini kwa injini na gia boksi, iandikwe. Kama anauza kama lilivyo, iandikwe hivyo na bei ishuke kulingana.

9. Lipa kwa benki, si taslimu mezani. Sehemu ya fedha ibaki mpaka kadi ihamishwe. Na kumbukeni bima ni mkataba wa mtu na kampuni, msidhani ya muuzaji imehamia kwenu.

10. Kasoro ikionekana, simamisha gari, piga picha, andika barua siku hiyo hiyo. Usimruhusu fundi kutupa kifaa kilichoharibika.

KWA KUMALIZIA

Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu milimani walijenga ndiva. Maji huingia usiku kucha, kidogo kidogo, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kazi ya kuitunza ilikuwa ya msaragambo, kila nyumba inatoa mtu. Ndiva ikipata tundu dogo tu, kazi ya usiku kucha imekwenda bure, na hakuna anayeuliza tundu ni la nani. Wote wanakosa maji.

Mfuko wetu ni ndiva hiyo. Hisa ya mama anayeuza samaki wa Nyumba ya Mungu imo, ya mama anayeuza mayai imo. Sisi watatu tuliotumwa tuliona aibu kumwuliza maswali mengi mtu aliyetuita mama na kutupa soda. Tuliona kudai maandishi ni kumdharau. Hilo ndilo lilikuwa tundu. Heshima ya mtu mzima si kukubali bila kuuliza, hasa anapokuwa ameshika fedha za wenzake.

Kwa hiyo leo, mbele ya mashahidi wote hawa, tunaomba radhi. Tunawaomba radhi wanachama wote, na kwa namna ya pekee yule mama wa binti. Binti yule alimaliza kidato cha nne, yuko hapa, na ndiye aliyetuchapia hotuba hii. Wale dada zetu wawili waliojitoa, tumewaalika, na tumewaona wameketi pale chini ya turubai. Viti vyenu kwenye kikundi havijakaliwa na mtu.

Pendekezo la gari la pili litasomwa kwenye mkutano mkuu. Kamati haipingi wala haisukumi. Tunaomba jambo moja tu: kabla hamjanyoosha mkono kusema ndiyo, ombeni kwanza kuuona mkataba.